Gamosa la Mgeni wa Delhi

Labanya Gohain alikuwa na miaka ishirini na mitatu risasi ilipompata mumewe darajani, na tangu hapo hajafuma kitu kibaya. Watu wa Bokulguri wanalijua hilo. Ukivikwa gamosa lake shingoni, kitambaa cheupe chenye maua mekundu yaliyofumwa kila ncha, unajua umeheshimiwa. Si zile takataka za kiwandani zinazouzwa stendi. Kwa miaka thelathini na minane, kila ilipofika siku ya kuwakumbuka wale kumi na mmoja waliouawa darajani, yeye ndiye aliyefuma gamosa la kufunika jiwe lenye majina yao, mbele ya ofisi ya Chama cha Bonde. La mumewe, Dimbeswar, lilikuwa la tatu kutoka juu. Hata kiwanja cha ofisi kilikuwa cha Dimbeswar, na Labanya hakuwahi kuwakumbusha hilo.

Chama chenyewe kilizaliwa katika damu ile. Kilishinda, kikatawala, kikanenepa, kikagombana, kikakonda, mpaka kikabaki na wabunge watatu na maneno ya Mukunda Khaund, mwenyekiti wake. Mukunda naye alikuwa darajani siku ile. Alikimbia, na Labanya hakumlaumu. Nani asiyeikimbia risasi?

Jumatatu moja Mukunda alikuja na boksi la peremende, akamkuta kwenye kitanda cha kufumia.

“Shemeji, upo?”

“Niende wapi na magoti haya? Kaa, ule tambuu.”

Mukunda alikata popoo, akatafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Jumapili anakuja mkubwa kutoka Delhi. Tunaungana.”

“Na nani?”

“Si unajua.”

“Nataka nilisikie kinywani mwako.”

Akakitaja. Ni kile kile chama kikubwa kilichokuwa kikitawala siku askari walipotumwa darajani.

“Paka akimmeza panya, Mukunda, nako ni kuungana?”

“Dunia imebadilika, shemeji. Waliotoa amri ile walishakufa. Sisi barabara hatuna, hospitali haina daktari. Mkono mtupu haulambwi.”

“Na wako umepakwa nini?”

Mukunda alicheka, mate mekundu yakimtoka pembeni mwa mdomo, akajifuta. “Nitukane, ni haki yako. Ila nakuomba kitu kimoja. Mfumie mgeni gamosa la maua, zuri kuliko yote, na umvike mwenyewe. Mjane wa Dimbe akimvika yule bwana, nani bonde zima atafungua mdomo?”

Kumbe ndiyo safari yake! Labanya alilisukuma boksi la peremende pembeni. Lakini alilifikiria jiwe.

“Na jiwe la kina Dimbe mtalifanyaje?”

“Haliguswi. Nakuapia kwa jina lake.”

“Basi nitafuma.”

Alifuma siku nne. Jirani yake Ajali, mwenye ulimi usio na breki, alisimama mlangoni akiwa amejishika kiuno.

“We bibi, ndiyo umfumie muuaji maua?”

“Simfumii yeye. Nalifumia jiwe. Nikikataa, kesho watasema ni jiwe la wapinzani, waling'oe.”

“Haya. Wewe na akili zako.”

Jumapili alioga, akavaa nguo yake ya hariri, akalikunja gamosa jipya, akalikumbatia kifuani. Kiunoni alichomeka gamosa lake la kila siku, lile lisilo na ua, la kufutia jasho na mikono, kama anavyochomeka kila mwanamke wa huko. Ofisini alikuta jukwaa, bendera za chama cha Delhi, na zulia jekundu limetandikwa pale pale jiwe liliposimama. Jiwe halikuwapo.

Alilikuta nyuma ya choo. Limelazwa chali juu ya matofali, na wapishi wa karamu wawili wamechuchumaa wanapara samaki juu yake. Magamba yalikuwa yamejaa kwenye herufi. Utumbo ulikuwa umelala juu ya jina la Dimbeswar.

“Nani amewapa hili?”

“Bwana Khaund, mama. Kasema ni bapa, linafaa.”

Mukunda alikuja mbio. “Shemeji, ni leo tu! Watu wa Delhi walitaka nafasi ya jukwaa. Tutalirudisha. Njoo, mgeni keshafika, anakungoja wewe.”

 Labanya aliwaondoa wapishi kwa macho. Akalichomoa lile gamosa la kufutia kiunoni, akapiga magoti, akasugua jina moja moja, magamba, damu na ute, mpaka yote kumi na moja yakasomeka. Kisha akalitandika gamosa la maua juu ya jiwe, akalinyoosha pembe, akamfuata Mukunda jukwaani, lile la kufutia limelowa mkononi.

Mgeni alikuwa mnene, mkarimu wa meno. Aliinamisha kichwa, akaunganisha viganja. Labanya akamvika.

Watu waliona. Hakuna mtoto wa bonde lile asiyeijua tofauti ya gamosa la maua na la kufutia. Kelele zilikatika ghafla, kisha Ajali akacheka peke yake. Mgeni, asiyejua, alitabasamu kwa wapiga picha, ingawa pua ilimcheza. Mukunda alinyoosha mkono, akaurudisha. Kumvua mgeni gamosa mbele za watu ni tusi lisilosameheka, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

“Shemeji,” alinong'ona, “umefanya nini?”

“Nimemvika ulichomwandalia.”

Mgeni alihutubia dakika arobaini kuhusu udugu, nzi wakimzunguka shingoni. Labanya hakumsikia. Alikuwa nyuma ya choo, amekaa kando ya jiwe, akimngoja Ajali aliyekwenda kutafuta wanaume wanne wa kulibeba mpaka nyumbani.