Picha ya Korongo Juu ya Meko

Kuni mbichi za mkuyu zina moshi mzito wenye uchachu, unaokaba koo na kuganda kwenye nguo hata ukizifua vipi. Majirani zangu hapa Dunda, mjini Bagamoyo, wanashangaa kwamba huwa nasimama njiani nikiunusa, uso umenikunjuka, mpaka wanasema bibi huyu ana mambo yake. Waache waseme. Moshi ule ulinilipia deni langu nikiwa mtoto.

Nilikuwa sijavunja ungo, na Wadachi walikuwa bado hawajaingia Bagamoyo. Tulikaa bara, upande wa Miono, karibu na korongo lenye kuta ndefu za mwamba, nyekundu asubuhi na za zambarau jua likishuka. Sisi tulilijua kwa kuteka maji chini yake na kuwafukuza mbuzi wasisogee ukingoni. Kiangazi kimoja akaja mzungu mwenye ndevu za manjano, na wapagazi wake walibeba vitambaa vya turubai na masanduku ya rangi. Hakuulizia pembe kama wenziwe. Alitaka makorongo tu. Alikuwa amezunguka nchi nyingi akiyachora, na watu wetu wakamwita Bwana Makorongo. Kutwa alisimama juani akiukodolea macho mwamba kama mwenye njaa aliyeona sinia la wali. Mkono wake ulikuwa hodari, sitamnyima hilo. Nilipochungulia nyuma yake nilishikwa na kizunguzungu, nikahisi nitatumbukia ndani ya kile kitambaa.

Ukingoni palikuwa na mkuyu mkubwa. Chini yake walizikwa ndugu zangu wawili, waliofariki kabla ya kutambaa. Mama alichagua pale kwa ajili ya kivuli, maana hakutaka wanawe wapigwe na jua, na kila alipopata nafasi alikwenda kupafagia. Bwana Makorongo naye akaona mkuyu unamziba asiuone upande wa mwamba alioupenda kuliko zote. Akampelekea jumbe wetu jora la merikani, na jumbe, bila kumwita baba wala mama, akasema ukatwe. Tulirudi kutoka shambani tukaukuta umelala chini. Mama akamwendea yule mzungu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana, hapa wamelala watoto wangu."

"Mimi hapana gusa kaburi, mama," akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mti tu." Akarudi kwenye rangi zake. Nilimchukia kuanzia pale, na chuki ile haijapungua.

Mama hakulia mbele yake. Aliomba apewe magogo, akapewa, akayabeba mwenyewe na kuyapanga nyuma ya nyumba chini ya upenu. Baba alimsihi amwachie Mungu. Mama akasema Mungu anaona, kisha akaendelea kupanga. Masika yalipokaribia, Bwana Makorongo akapatwa na homa kali, ikabidi apelekwe Bagamoyo kwa machela. Picha yake kubwa ilikuwa imekwisha, lakini rangi zake za mafuta zilikuwa hazijakauka, hivyo aliogopa kuipitisha kwenye mvua. Aliogopa mchwa zaidi, kwa kuwa walikwisha kumlia picha nyingine ndogo. Akauliza ni wapi katika kijiji chetu mchwa hawafiki. Mama akamjibu kweli tupu: uchagani, juu ya meko, tunapohifadhi mahindi ya mbegu. Watu wote waliokuwepo wakaitikia kwamba ndivyo. Yeye aliyejua kila ufa wa mwamba hakuinua macho hata mara moja kutazama mbegu zetu zilivyokuwa nyeusi kwa masizi. Akaagiza picha ilazwe uchagani kwetu uso chini, pembe zake zikiegemea vijiti isiguse uchaga, wala isiangukiwe na vumbi la makuti, akamshukuru mama kwa wema wake.

Masika yote tulichoma mkuyu. Mimi ndiye niliyechochea, na gogo likianza kuwaka vizuri mama aliniambia, "Lirudishe nyuma, mwanangu, litoe moshi." Nilikohoa, macho yakavimba, na nilikuwa na furaha. Joto lilipozidi, rangi zililainika zikadondoka majivuni, nami nikazifukia kwa mwiko.

Bwana Makorongo alirudi amekonda, akapanda mwenyewe kuishusha. Korongo lote lilikuwa jeusi, limefanya malengelenge. Alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto, kisha akauliza, "Umefanya nini, mama?"

"Nimekutunzia kama ninavyotunza mbegu zangu," mama akasema. "Itazame vizuri, mchwa hawakuigusa."

Jumbe aliitwa. Akaonyeshwa mbegu zetu bado ziko juu ya uchaga ule ule ilipolazwa picha, akageuka akarudi kwake. Mzungu akaenda zake pwani, na hatukumwona tena.

Masika yaliyofuata, mizizi ya mkuyu ikiwa imeoza, ukingo ulimeguka ukashuka na makaburi yote mawili. Mama alitafuta kule chini kwenye matope mpaka baba akaenda kumtoa.

Siku hizi wajukuu zangu wanasoma shule, na mmoja wao ameniambia kwamba tuliharibu kitu cha thamani, kwamba picha zile hutundikwa katika majumba makubwa na watu husafiri kwenda kuzitazama. Anasema leo tungekuwa na ukumbusho. Nimemwambia ule ungekuwa ukumbusho wa ukingo mtupu, safi, kana kwamba hapakuzikwa mtoto wa mtu. Utotoni nilidhani tukilipiza kisasi, mama atapata usingizi. Hakuupata mpaka anakufa. Hata hivyo, mzungu yule angekuja leo na sanduku lake, ningemwonyesha uchaga ule ule. Nikiwaombea ndugu zangu sijui hata nielekee wapi, basi nanyanyua tu mikono hapa nilipo, nawasomea Fatiha, na mama naye namsomea. Kisha namkumbuka Bwana Makorongo, ambaye bila shaka naye amekwisha kufukiwa mahali, na mikono naishusha.