Kaburi la Baba Mdogo

Juzi, njiani kwenda Kehancha, niliona mti wa yago umezaa, yale matunda marefu mazito kama watoto wachanga, nikakumbuka kwetu Mfangano.

Nilipokuwa mtoto, redio ilikuwa ikitangaza majeshi mawili yanavyonyang'anyana miji ya Kongo, alikokuwa baba mdogo, fundi seremala. Kisha tukasikia ameuawa, na mwili haukupatikana. Wazee wakazika yago mahali pake, kama desturi yetu ilivyo. Mimi nilidhani wamepanda mbegu. Mchana mmoja, harufu ya omena, wale dagaa walioanikwa, ikitanda uani, Nyanya, mama yake, alinikuta nikilimwagilia kaburi maji.

"We Atieno, unafanya nini?"

"Namwagilia baba mdogo, Nyanya, aote haraka."

Hakunigombeza. Alichukua kibuyu changu, akashuka ziwani, akarudi nacho kimejaa.