Nilivyomtoa Dada Zuhura Mizani

Dada Zuhura ni karani wa mizani kiwandani kwetu hapa Singida, tunakokamua alizeti. Jana bosi aliniambia kwamba, mbali na kundi lake la mizani ndani ya kompyuta, nimwingize pia kwenye kundi la ghala ili aweze kufungua mafaili ya huko. Nikaandika groupadd ghala, kundi likazaliwa. Nikaandika usermod -G ghala zuhura. Mashine haikulalamika, nami nikajiona profesa.

Leo asubuhi mafaili ya mizani yakamkatalia. Dereva wa lori kutoka Shelui akapiga kelele dirishani: "Mtaalamu, alizeti yangu itaota humu!"

Niseme ukweli, sikujichunguza hata kidogo. Nilimwambia bosi kwamba Zuhura amechezea mashine. Bosi akamwambia afungashe vitu vyake.

"Kaka, mimi nimegusa nini?" akaniuliza, machozi yakimlenga.

Ili nimwumbue vizuri, nikaandika groups zuhura mbele ya wote. Ghala lilikuwemo, mizani haikuwemo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amri yangu ya jana, usipoiambia iongeze, humtoa mtu kwenye makundi yake ya zamani.

"Nani mwenye uwezo wa kumtoa mtu humo?" bosi akauliza.

"Hakuna mwingine, bosi," nikajibu kwa majivuno kabla akili haijanifikia. "Ni mimi tu."