Dancille Anangoja Mpira Ushuke Bei

Saa moja asubuhi, wauzaji wa soko la Birere bado wanakunjua maturubai yao, na Dancille Hitimana anahamisha wachezaji.

Ameketi juu ya bidoni ya maji ya njano mbele ya televisheni, kitenge kimekazwa kiunoni, manette ya mchezo mkononi. Kidole gumba kinabonyeza taratibu. Mshambuliaji mmoja anatoka timu yake ya zamani, anaingia mpya. Kisha beki. Kisha kipa mwenye jina refu, ambalo Dancille analisoma kwa kunong'ona, silabi kwa silabi.

"Huyu walimuuzisha mwezi wa nane," anasema. "Kwangu angali palepale. Vijana wakimuona wanacheka."

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili ana chumba cha mbao chenye benchi nne na mashine mbili za kuchezea: moja ya mpira, nyingine ya mbio za magari, ambayo haiguswi sana. Wateja wake ni madereva wa pikipiki wanaosubiri abiria. Mechi moja ni franka mia tano. Chumba analipia dola arobaini kwa mwezi.

Mchezo wa mpira alio nao ni toleo la mwaka jana. Mpya ulipotoka Septemba, diski yake ilifika mjini kwa dola sabini. Julien, mwenye chumba kama hiki ng'ambo ya barabara, aliinunua wiki hiyohiyo. Dancille aliamua kungoja.

Zamani alikuwa akiuza maharagwe Rutshuru, kabla vita havijamfikisha kwenye kambi ya Mugunga na baadaye mjini, na anasema michezo hii nayo ina majira yake. Mwisho wa Novemba bei inateremka kidogo. Baada ya Bonane, mwaka mpya ukiingia, inateremka tena. Kufika Pasaka ni nusu. Na habari za mchezo mwingine zikianza kusikika, ule wa zamani unatolewa karibu bure.

"Lakini siku inafika bei ya mukate," anasema, "tayari ni mukate ya jana."

Ndiyo maana anahamisha wachezaji kwa mkono, ili mpira wa zamani ufanane na mpya. Majina anaambiwa na wateja wenyewe, na hapo ndipo alipoponzwa. Mwezi uliopita Jephté, dereva mcheshi kuliko wote, alimwambia kwamba mfungaji mkubwa wa ligi amehamia timu anayoipenda yeye Jephté. Dancille akamwamini, akamhamisha. Jephté akashinda mechi tisa mfululizo.

"Mama, nani alikudanganya hivi?" wenzake wakapiga kelele. "Bora ungeweka kipa mbele, afunge kwa mikono!"

Walicheka, lakini wawili walikataa kulipa, wakavuka barabara kwenda kwa Julien. Hawajarudi. Tangu hapo kila uhamisho unahitaji mashahidi wawili, wa timu zinazochukiana.

Leo ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Saa nne simu inalia. Ni Birindwa, mchuuzi anayeleta simu na diski kutoka Kigali.

"Mama Dancille, diski ya mupira imeshuka. Hamsini na tano. Imebakia moja. Nichukue ama niache?"

"Bonane itakuwa ngapi?"

"Arobaini, pengine. Pengine itakuwa imeisha. Miye siko Mungu, mama."

"Ngoja kidogo."

Dancille ana dola sitini, na arobaini kati ya hizo ni za chumba. Anaangalia benchi zake. Jumamosi iliyopita, saa kama hii, zilikuwa zimejaa. Sasa kelele za goli zinatoka ng'ambo.

"Bei inashuka juu batu wameshaichoka," anasema polepole, kana kwamba anayasikia maneno yake kwa mara ya kwanza. "Na miye nawataka wangali na hamu."

Anatoka kwenda nyuma ya chumba, kwa mwenye nyumba, muzee Bahizire, anayechambua mchele kwenye ungo.

"Muzee, pesa ya chumba, unipe mpaka katikati ya Desemba."

"Na ukikosa?"

"Utafunga mulango."

"Nitafunga, Dancille. Siyo kwa ubaya."

"Najua, muzee."

Anamwambia Birindwa achukue. Jumamosi benki zimefungwa, kwa hiyo pesa anaituma kwa simu. Anasoma namba ya Birindwa mara mbili, kisha mara nyingine, ndipo anabonyeza. Sasa kinachobaki ni Birindwa kufika mpakani kabla barrière ya kuvukia haijafungwa saa tisa.

Mwaka ujao, anasema, hatangoja tena. Atanunua siku za kwanza, hata kwa sabini, na mechi ataiuza franka mia saba. Diski ikishuka bei huko inakotoka, naye atashusha hapa kwake.

"Mama anakuwa kama wenye kutengeneza mupira!" Ni Jephté, amesimama mlangoni, akitazama ng'ambo kwa jicho moja. "Sasa hiyo mupya iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani wapi?"

Dancille anaangalia simu. Saa tisa imepita. Birindwa hajapiga.

"Njiani, nimekuambia. Kaa."

Jephté anakaa kwenye ncha ya benchi. Kofia ya pikipiki haivui.