Kengele Iliyofungwa Nailoni

Saa tatu asubuhi, fundi amesimama juu ya kiti kwenye ghorofa ya pili ya nyumba ya kupanga, amekunja uso. Bisibisi iko mkononi lakini hajaitumia. Anaitazama kengele ya hewa ya sumu aliyoifunga mwenyewe mwaka jana, karibu na mlango wa chumba cha kulala. Imevishwa nailoni na kuzungushiwa selotepu, sawasawa na rimoti ya televisheni iliyo pale mezani.

"Nani amefanya hivi?" anauliza.

"Mimi," anajibu mpangaji, mama kijana mwenye ujauzito wa miezi saba. "Mwenye nyumba alisema kengele zikichafuka tutalipa. Lakini inafanya kazi, dada fundi. Kila Jumapili naibonyeza."

Anaibonyeza. Inalia mpaka jirani wa mlango wa pili anachungulia.

"Inalia kwa sababu ya kidole chako, mdogo wangu," fundi anamwambia. "Hicho kitufe kinajaribu betri na sauti tu. Hewa haina kidole. Inatakiwa ipite kwenye vitundu hivi, na wewe umeviziba."

Anaichana nailoni kwa hasira.

Wateja humwita Mama Kelele, kwa sababu ya kazi yake na pia, wanasema wakicheka, kwa sababu ya mdomo wake. Ana miaka arobaini na mbili. Zamani alikuwa akifunga taa na soketi, mpaka siku dada yake mkubwa alipoingia kuoga kwenye bafu lenye hita ya gesi, asitoke akiwa hai.

"Dada alikuwa akioga anaimba nyimbo zote anazozijua, na asizozijua," anasimulia. "Siku hiyo akanyamaza. Tukasema, leo afadhali, masikio yamepumzika. Tukacheka. Mwenzetu anakufa, sisi tunacheka."

Hewa iliyomuua inaitwa kaboni monoksidi. Hutoka pale gesi, mkaa au kuni vinapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, usingizi huja, na mtu akajilaza akidhani amechoka.

Ndiyo maana fundi hana subira na uzembe. Wapo wanaonunua kengele ya moshi wakidhani inatambua na hewa hii. Wapo wanaoificha nyuma ya pazia kwa kuwa haipendezi na makochi. Wapo wasiosoma tarehe iliyoandikwa mgongoni, kengele ikazeeka ukutani kama pambo.

"Na wapo wanaotoa betri wakaweka kwenye saa ya ukutani," anasema. "Haya, angalau watajua wamekufa saa ngapi."

Lakini leo hacheki. Mama mjamzito amemwambia kwamba kila akitoka kuoga kichwa kinamgonga, na amekuwa akiambiwa ni mambo ya mimba. Fundi anatoa kipimo chake cha mkononi, anaingia bafuni na kuwasha hita. Kabla maji hayajapata moto, kipimo kinapiga kelele.

Anazima hita, anafunga gesi, anafungua madirisha yote na kumsukuma mama wa watu hadi nje. "Nenda hospitali sasa hivi. Usiseme umechoka. Sema umevuta hewa ya sumu na una mimba." Jirani anamshika mkono na kuondoka naye.

Kisha fundi anashuka kuangalia ukuta wa nje. Ni mweupe, rangi bado inanukia. Pale ambapo bomba la hita lilikuwa likitoa moshi hapana tundu. Limezibwa kwa saruji na kupakwa rangi juu yake. Bafu zote za upande ule zimefanywa hivyo.

"Mabomba yalikuwa yanatoa masizi," anaeleza mwenye nyumba, aliyefika baada ya kupigiwa simu. "Ukuta wenyewe nimeupaka juzijuzi tu."

Rudia kusoma hapo, msomaji. Ukuta. Watu wanaoga na kulala ndani ya sumu ili ukuta usichafuke, na kengele ambayo ingewaamsha nayo imefungwa nailoni ili isichafuke.

"Nilikuita ubadilishe betri," mwenye nyumba anaendelea. "Ukiwatia hofu wapangaji wangu, natafuta fundi mwingine, nyumba zangu zote."

Si tishio dogo. Nyumba zake ndizo zinazompa fundi zaidi ya nusu ya kazi, na ana watoto wawili shuleni. Fundi anapanda ngazi na spana, anaifungua hita ukutani, anaibeba kifuani na kuja kuitua miguuni pa tajiri wake.

"Tafuta, mzee. Lakini hii hairudi juu mpaka mabomba yazibuliwe."

Mpangaji wa chini anatoka akiwa na nailoni aliyoichana kwenye kengele yake. Anaiweka juu ya hita. Anatoka mwingine na ya kwake, naye anamwambia fundi, "Njoo utoe na hita yangu." Mwenye nyumba anatazama, anageuka na kwenda zake. Hadi adhuhuri hita za upande ule zimepangwa uani, na kwenye simu ya fundi umeingia ujumbe wake kwamba asikanyage tena kwenye nyumba zake.

"Kesho nitakanyaga," anasema akijifuta jasho. "Ana nyumba nyingine tatu alizozipaka rangi mwezi huu. Nitaingia kama mgeni wa wapangaji. Atazuia na wageni?"

Simu inaita. Ni jirani, yuko hospitali. Mama amewekewa oksijeni, na moyo wa mtoto unapiga vizuri. Fundi anakaa chini, juu ya hita aliyoing'oa, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake inashuka.

"Mimi nataka kitu kimoja," anasema. "Huyo mama anipigie simu usiku wa manane anilalamikie kwamba mtoto analia, hawalali, nyumba nzima ni kelele."