Frikase ya Mama Zohra

Kuna mchana mmoja wa Fordsburg ambao haujanitoka hadi leo, mwanangu. Unijibu kwa Kiingereza ukitaka, ila nisikilize kwa Kiswahili.

Ilikuwa mwaka 2016, nami ningali mgeni Johannesburg. Wewe ulikuwa tumboni. Kabla yako nilipoteza mimba nyingine, safarini kutoka Bukavu, na sasa chakula kilikuwa kimenikataa tena. Ugali ulinitapisha, hata chai. Nesi wa kliniki alinipima uzito, akasema nimepungua. Baba yako alikuwa akilinda geti huko mtaa wa Observatory; sikumwambia.

Nikavuka kwenye robot, taa za barabarani, nikienda sijui wapi. Mji ulikuwa kama uko chini ya maji. Magari yalipita bila sauti, maua ya rangi ya zambarau yakidondoka polepole kutoka mitini. Ndipo harufu ya unga unaokaangwa ikanivuta.

Mama mmoja Mtunisia, Mama Zohra, alisimama mbele ya karai. Donge la unga liliingia kwenye mafuta, likaumuka, likaiva rangi ya asali. Akalipasua ubavuni, akapaka pilipili ya kusaga, akashindilia viazi, samaki jodari, yai na zeituni. Frikase, ndivyo wanavyoiita kwao. Nilitazama tu, kama mtu aotaye. Akaninyooshea moja.

"Asante mama, nimeshiba," nilimwambia kwa Kifaransa, lugha tuliyoelewana kwayo.

Akanikazia macho, kisha akalitazama tumbo langu. "Umeshiba nini, na midomo imekauka hivyo? Binti, mimi pia nilifika hapa nikiona aibu. Aibu ni yako, si ya huyo mtoto. Kaa."

Nikakaa kwenye kreti la soda. Nikauma. Chumvi ya zeituni, kisha pilipili ikapanda hadi machoni. Nikala huku nalia, nikingoja kutapika. Sikutapika. Jua likanilalia mabegani, nikasinzia palepale, na katika usingizi ule nikahisi umecheza kwa mara ya kwanza. Nilipofumbua macho, nilikuta amenifunika mtandio wake, naye anaendelea kukaanga. Nikawa napita kwake kila mchana, mpaka ukazaliwa.

Basi mwanangu, siku utakapoishiwa nguvu ugenini, usijifanye umeshiba. Sema una njaa. Hakuna anayepungua kwa kusema. Na mwenye njaa akisimama mbele yako akikataa kwa aibu, usimwache aende zake. Mungu akukutanishe na watu wema katika kila mji utakaofika, nawe akujalie kuwa mmoja wao.