Saumu za Mke Wangu

Mguu wangu ndio uliokula duka. Kidonda kilianza kidogo tu, chini ya kidole gumba, na kwa kuwa nina sukari hakikukubali kufunga. Kila wiki fedha ya kukisafisha na ya dawa ilitoka kwenye mtaji, mpaka rafu zikawa tupu na wateja wakahamia kwingine. Mwisho tukalifunga duka letu la vyakula pale Temeke. Nikabaki kitandani, nikimshukuru Mungu kwamba sikukatwa mguu.

Miezi ile mke wangu alizidisha ibada. Alianza na funga za Jumatatu na Alhamisi, kisha akawa anafunga siku moja na kula siku moja. Mchana aliniletea sahani yangu, akakaa kando akinifukuzia nzi. Nami, niliyesomesha fiqhi, sheria za ibada, msikitini miaka mingi, nilijaa fahari. Wanafunzi wangu walipokuja kunijulia hali, niliwaambia wamtazame yeye wajifunze.

Jirani yetu, mama muuza vitumbua, alikuwa akimtania kila apitapo mlangoni.

"Shoga, hiyo pepo utaimaliza peke yako! Tubakizie japo kibaraza."

"Njoo ufunge na wewe," mke wangu alimjibu. "Hicho kitambi nacho kipumzike."

Tulicheka sote.

Alhamisi moja, baada ya alasiri, alikuwa uani anapeta mchele. Nikasikia ungo umeanguka. Nilipojikongoja hadi pale, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Nikapiga kelele. Jirani akaja mbio, tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali.

Daktari akaniuliza, "Mzee, bibi anatumia dawa za presha?"

"Anatumia kila siku."

Jirani akainamisha kichwa. "Nisamehe, maalim. Aliziacha tangu Mfungo Tatu, mwezi wa Hija. Alisema hela haitoshi dawa za watu wawili, na za kwako zisikatike. Hata chakula ni hivyohivyo. Aliniapisha nisikwambie."

Nilikaa kwenye benchi. Angeniambia hana njaa, ningemuuliza kulikoni. Aliponiambia amefunga, nilimwombea dua nikavuta sahani.

Alirudi nyumbani, alhamdulillahi, lakini upande wa kulia haukurudi. Sasa mimi ndiye ninayemlisha. Asubuhi moja, katikati ya uji, aliniuliza kwa ulimi mzito:

"Maalim, zile funga zangu zitakubaliwa? Wakati mwingine nilifunga kwa sababu hakikuwepo cha kula."

Nimewafundisha watu wengi mlango wa nia katika ibada. Siku ile niliweka kijiko bakulini. Nikamwambia tu, "Mke wangu, mimi nilikuwa nakula."

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Ulikuwa unamaliza."

Akafumbua mdomo, akisubiri kijiko.